Kilio cha Anyango Kimekuwa Mtindo wa Harusi

Mwaka 1961, mvua za masika zilikuwa zimekolea na mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Mei, nilikuwa nikipalilia karanga na dada yangu Anyango katika shamba letu karibu na Kendu Bay. Udongo ulinukia mvua ya usiku, na magugu yalitoka na mizizi yake bila ubishi. Wanaume watano walitokea upande wa mto, wakamshika dada mikono, wakaanza kumvuta. Siku hizo hivyo ndivyo bibi harusi alivyochukuliwa. Msichana mwenye adabu alitakiwa kupiga mayowe, kung'ata na kujitupa chini, hata kama bwana harusi alikuwa chaguo la moyo wake. Asiyelia alionekana hana haya.

Anyango alilia. Alimng'ata mmoja wao mkono hadi damu ikatoka. Nilikimbia nyumbani, nikawakuta mama na shangazi wakianika mtama. Shangazi alitega sikio, akacheka.

"Msikie huyo! Hata mimi sikulia hivyo."

"Shangazi, analia kweli!"

"Wote hulia kweli, mtoto. Zamu yako ikifika, ole wako ulie kidogo utuaibishe."

Mama hakucheka. Lakini alibaki amesimama, mtama mkononi, asiende.

Nilidhani mambo hayo yamezikwa. Mimi ni mjane. Mume wangu alipofariki nilikataa kurithiwa na ndugu yake, na sijajuta hata siku moja. Niliingia darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo sijaacha kusoma. Ndiyo maana mjukuu wangu Mercy, anayeishi Suna mjini Migori, huniletea kila kipya. Mwezi uliopita alinionyesha kwenye simu hadithi inayosomwa na wasichana wa rika lake: binti wa enzi za mababu anabebwa begani na shujaa, anapiga mateke mwanzoni, na kabla sura haijaisha amekwisha kumpenda. Kisha Mercy akavaa vazi la harusi yake mwenyewe: sketi ya katani, shanga shingoni, na ngozi ya bandia ambayo fundi aliichana begani kwa makusudi.

"Hapa ndipo watakaponivuta, Dani," alisema, kwa maana hivyo ndivyo wajukuu wanavyotuita sisi mabibi. "Marafiki wa mchumba wangu watanishika mbele ya wageni, nipige nduru, mpiga picha achukue kila kitu. Saa hii harusi ya kitambo ndiyo iko juu!"

Akanipigia hiyo nduru palepale sebuleni, akaangua kicheko.

"Vua."

"Dani?"

"Vua hiyo nguo, kisha uketi."

Nilimsimulia habari za shamba la karanga. Alisikiliza huku ameikumbatia ile sketi magotini.

"Lakini si angewaambia wazee tu kwamba hataki?"

Aliwaambia. Jumamosi, tarehe 6 Mei 1961, wazee wa pande zote mbili walikaa uani kwetu, na ng'ombe wa mahari walikuwa nje ya ua wakingoja neno. Anyango aliletwa na wale waliomchukua, midomo imevimba, sauti imekauka. Mzee aliyeongoza kikao alimuuliza, tena kwa upole, kwa nini alilia vile.

"Kwa sababu simtaki, baba."

Mzee akatabasamu, wenzake wakatabasamu naye. "Huyu amefunzwa," alisema, akimgeukia mama kumpongeza.

Leo Mercy akisema hataki, kila mtu ataelewa kwamba hataki. Dada yangu hakuachiwa neno la kukataa. Machozi, meno na mayowe, vyote vilikuwa vimefanywa sherehe kabla hajazaliwa. Alisema tena, "Simtaki." Wanawake waliokaa kando ya ukuta wakapiga vigelegele. Baba yetu akasimama, akafungua lango, ng'ombe wakaingia.