Niliyemzika Alinipa Mkono Bukoba

Cheka ukitaka, wengi wameshanicheka. Lakini haya sikusimuliwa. Yalinipata mwenyewe, saa sita mchana, jua utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Kwetu ni Itiryo, nafua mashuka kwenye kambi ya watalii huko Natta, na siku ya mapumziko hata geti silioni. Mwaka juzi bosi akatupa wafanyakazi matembezi ya meli: usiku kutoka Mwanza, asubuhi kushuka Bukoba, kuzurura mchana kutwa, jioni kupanda tena. Bhoke wa jikoni akanitangaza meli nzima: "Jamani mshikeni huyu, hajawahi kuvuka hata mto wa kwao!" Nilikuwa nimeinama ukingoni, natapika ziwani.

Bukoba ilinipendeza, nakiri. Nikanunua senene, wale panzi wa kukaanga, nikawaacha wenzangu wakipigana picha ufukweni, nikaingia sokoni peke yangu kama mtu mwenye akili. Penye mikungu ya ndizi nikasikia mtu akiniita kijana kwa lugha ya kwetu: "Mura! Ndiyo umenenepa hivyo?"

Alikuwa Mwita.

Mwita tulitahiriwa naye siku moja. Alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Kewanja, shimo likaporomoka, mwili haukupatikana. Wazee wa ukoo wakasema mama yake hawezi kukaa na msiba usio na kaburi. Tukakata shina la mgomba, tukalivika shati lake, tukalizika. Kaburi nilichimba mimi.

Sasa amesimama mbele yangu na shati lile lile, tope bichi kwenye nywele. Akanipa mkono. Niamini, ulikuwa baridi na unateleza kama mgomba uliobanduliwa maganda.

"Mama bado analia?"

"Analia."

"Nipeleke. Kila basi la kwetu napanda, konda anakalisha watu juu yangu. Mpaka anishike mtu anayenijua, twende naye hadi mlangoni. Usiniachie, mura."

Na mimi, shujaa wa mashuka, nikajibu nini? "Mwita, tulishakuzika. Nilichimba mwenyewe." Nikauchomoa mkono.

Hakukasirika. Alitazama kiganja chake kama mtu aliyeangusha kitu. "Kumbe ulikuwa wewe," akasema. Nikapepesa macho, ikabaki mikungu tu. Nilikimbia hadi bandarini, Bhoke akaniuliza kama nimekumbuka kitanda changu.

Zikapita wiki mbili. Mwishowe nikaenda kwa mama Mwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Hakupiga yowe, hakuniita mwongo. Aliuliza moja tu: "Ukamwachia?"

Akauza ndama, akaenda Bukoba, yeye ambaye hata Mwanza alikuwa haijui. Mdogo wake aliyemsindikiza anasema alizunguka soko siku nne, mkono mmoja ameunyoosha pembeni, akiita jina. Akarudi bila mtu. Salamu yangu haitikii tena.

Kwa hiyo wewe unayesoma: ukikutana na mtu wenu mliyemzika bila mwili, usimtajie kaburi. Mshike, mwambie twende nyumbani, hata kama unaogopa. Woga hupita upesi. Wangu uliniisha meli ikiwa bado imefungwa gatini, na sikushuka.