Delmira anayeshona vitabu vya wanaume wa Malvinas

Saa moja kasoro asubuhi, joto la Goya limeshaanza kubana. Delmira Escobar ameketi mlangoni mwa karakana yake, sindano mkononi, anashona kurasa za kitabu kama anayeshona pindo la gauni. Anavuta uzi, anaukaza, anachukua kurasa nyingine. Nyuma yake gundi inachemka taratibu.

"Hiki ni cha don Froilán," anasema bila kuinua macho. "Ndicho chembamba kuliko vyote, na ndicho kilichonitoa jasho."

Delmira, mwenye umri wa miaka 59, anapata riziki kwa kufunga majalada ya mawakili na Biblia zilizochanika. Lakini katika mji huu wa jimbo la Corrientes, kaskazini mwa Argentina, watu wanamjua kwa kazi nyingine. Huwasikiliza wanaume waliopelekwa kupigana na Waingereza katika visiwa vya Malvinas mwaka 1982, huandika wanayosema na kuwachapia vitabu. Hadi sasa ametoa kumi na kimoja.

Wengi wao walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa, waliochukuliwa jeshini kwa lazima. Walitoka kwenye mashamba ya tumbaku na machungwa, wakajikuta kwenye mahandaki yaliyojaa maji, katika upepo usio na huruma.

"Kaka yangu Anselmo alikuwa mmoja wao," anasema. "Alirudi. Alifanya kazi, alicheza karata. Lakini mtu akitaja Malvinas, anainuka, anakwenda kuangalia ng'ombe. Na sisi hatukuwa na ng'ombe."

Anselmo alifariki mwaka 2009 kwa maradhi ya moyo, akiwa hajasema lolote. Baada ya mazishi, dada yake alianza kubisha hodi kwa wenzake Anselmo wa vitani.

Froilán Maidana, dereva mstaafu wa trekta ambaye Delmira humwita don kwa heshima, alimkatalia kwa miaka mingi.

"Sina kitabu mimi," alimwambia kupitia upenyo wa mlango.

"Ungekuwa nacho ningekuja kufanya nini, don?"

Mwaka jana ndipo alipomkaribisha ndani na kumpa sababu. Kule visiwani, afisa mmoja aliwakaripia kila walipoongea Kiguarani, lugha ya nyumbani kwao. "Mambo yale niliyaona kwa Kiguarani," alisema. "Nikiyasema kwa Kihispania yanakuwa ya mtu mwingine."

"Basi yaseme kwa Kiguarani."

"Nani atasoma?"

"Wewe sema kwanza. Wasomaji niachie mimi."

Alisema. Jioni baada ya jioni, wakipokezana tereré, kinywaji baridi cha majani, simu ya Delmira ikirekodi mezani. Sehemu kubwa ya maneno yake ilimhusu Rito Almirón, rafiki yake wa utotoni, aliyeuawa na kombora la mzinga siku chache kabla ya vita kwisha.

Hapo kazi ikakwama. Mama yake Rito, doña Eustaquia, ana miaka 92 na anaishi mitaa michache kutoka kwa Froilán. Tangu arudi kutoka vitani, Froilán alikuwa akizunguka mbali ili asipite mbele ya nyumba ile. Delmira alimwambia wazi kwamba hatachapa kifo cha mtoto wa mtu kabla mama yake hajakisikia.

"Basi kitabu kitupe," Froilán alijibu. "Nikimwambia mwanawe alikuwa na njaa, nitamuua yule mama."

"Unadhani ameishi miaka yote hii akiamini alikuwa anashiba?"

Jumapili moja Froilán alifika karakanani amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi.

Walimkuta doña Eustaquia barazani. Alimtazama mgeni wake kwa muda mrefu.

"Umezeeka, Froilán."

"Ndiyo, doña."

"Na umechelewa. Kaa."

Froilán alisoma kurasa zake mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye njaa alisita.

"Njaa naijua," mama alimwambia. "Endelea."

Akasoma jinsi Rito alivyokuwa akiwachekesha handakini kwa kumwiga mama yake akiita kuku.

"Mimi? Alikuwa ananiiga mimi?"

"Kila siku, doña. Hata sajenti alikuwa anakuja kusikiliza."

Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Froilán alisubiri atulie, kisha akasoma mahali pa mwisho: kombora, matope, Rito akisema kwa Kiguarani kwamba anasikia baridi, na mwenzake akimfunika kwa koti lake mwenyewe.

"Ulimfunika?"

"Nilimfunika."

"Hukuondoka?"

"Sikuondoka mpaka alipokata roho."

Kuku walikuwa wakichakura uani. Kisha doña Eustaquia akaweka mkono wake juu ya goti la Froilán, akauacha hapo.

"Walinambia ameanguka vitani, basi," alisema. "Nilichotaka kujua ni kama alikuwa na mtu." Halafu akamgeukia Delmira. "Chapa. Na jina lake liandike lote, Rito Ceferino."

Nakala mia moja zitatoka mwezi huu, Kiguarani upande mmoja, Kihispania upande wa pili. Froilán siku hizi hupita mtaa ule waziwazi, mara nyingi akiwa na chipá, vimkate vya jibini, za moto kwenye mfuko wa karatasi. Watoto wake wameomba nakala zao. Hawajawahi kumsikia baba yao akisimulia.

Delmira ameshaanza kitabu kingine. Safari hii anataka sauti za akina mama, waliobaki wachache, na ana haraka. Wa kwanza alikuwa doña Eustaquia. Delmira alipomwekea simu mezani na kumwomba aanze na siku alipoletewa habari, bibi huyo alitikisa kichwa.

"Siku hiyo kila mtu ameshaniuliza," alisema, akivuta kiti karibu na simu. "Mimi naanza na siku aliyozaliwa."