Gemu Iliyoishia Darajani

Harufu ya vumbi linaloungua nyuma ya televisheni kuukuu, ikichanganyika na moshi wa petroli, hadi leo hunipandisha hasira kabla sijajua nimemkasirikia nani. Juzi niliinusa kwa fundi wa redio hapa Mbarara. Vijana wawili waliokuwa wakisubiri simu zao walikuwa wakibishana ni gemu ipi iliyo bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Walikuwa na orodha. Wanaume wenye ndevu, wana orodha, ya kwanza hadi ya mia! Niliwasikiliza kwa dharau, na mbele yenu sioni haya kuikiri. Gemu bora kuliko zote duniani mimi niliifahamu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na nilijua pia kwamba ni takataka.

Ilikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, katika kibanda cha turubai nyuma ya soko la Juru. Mwenye kibanda aliitwa Sadiki, Mkongomani mwenzetu wa Kivu Kusini, mtu wa maneno mengi na soksi nyeupe. Soksi nyeupe, mahali ambapo vumbi jekundu huingia hadi ndani ya uji! Alikuwa ameleta kutoka Mbarara televisheni, jenereta, mashine ya gemu na sidii moja. Moja tu. Juu ya mlango aliandika kwa makaa: GEMU YA KWANZA DUNIANI. Asiye na hela aliingia kwa kikombe cha maharagwe, na watoto wa kiume wa mtaa wetu waliyachota kwenye magunia ya mgao mama zao walipogeuza mgongo.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Askari mwenye upanga anakimbia msituni akiwakata watu ambao hatukuambiwa walimkosea nini. Anapanda mlima, anaua tena, kisha anafika kwenye daraja la kamba juu ya bonde. Akikanyaga ubao wa kwanza tu, picha inaganda na spika inakoroma kama mzee mwenye mafua. Hapo Sadiki alikuwa akiruka mbele ya kioo, anazima, anainua mikono kama mchungaji anayefunga ibada.

"Imeisha! Gemu njo imeisha! Apa njo mwisho!"

Yaani hapa ndipo mwisho, na wale mazuzu walipiga makofi.

Aliyefika darajani mara nyingi kuliko wote alikuwa yaya Bahati, kama tunavyomwita mkubwa kwetu, kaka yangu wa miaka kumi na mitano. Kule kwetu alikuwa amesoma kwa Kifaransa, na tulipofika Uganda walimu walimrudisha darasa la nne kwa sababu ya Kiingereza. Aliketi na watoto wa umri wangu, magoti yakiwa nje ya dawati, na kila alipofungua mdomo darasa zima lilicheka. Lakini kibandani alikuwa na kiti chake, kiti pekee chenye mgongo, na jina lake, Mumalizaji. Sadiki alimruhusu kucheza bure, kwa sababu wengine walikuja kumtazama.

Mimi nilijaribu kuingia mara moja tu. Sadiki alinishika bega akanigeuza.

"Weye mutoto mwanamuke, huku si fasi yenu. Mutaharibu mashini."

Basi nikawa natazama kwenye tundu la turubai, na kwa kuwa nilitazama kwa jicho moja, nilidharau kwa moyo mzima. "Mutu anakimbia, anakufa, anaanza tena," nilimwambia Bahati nyumbani. "Hata kuku wetu iko na akili kuliko ule." Alivuta blanketi akanigeuzia mgongo. Alikuwa na tabia ya kutojibu.

Mwaka huo sikio langu la kushoto lilianza kutoa usaha, na mama akanipeleka hospitali Mbarara. Matibabu yalichukua majuma matatu. Tulikaa Nyamitanga, mtaa wa mji huo, kwa mama mudogo, mdogo wake mama, aliyekuwa akifua na kupika kwa mwalimu mmoja. Asubuhi nilimfuata kazini, nikakaa jikoni na pamba sikioni, hadi siku nilipousikia kwa lile sikio zima muziki ninaoujua, ule wa msituni, wa gemu ya Sadiki.

Sebuleni, juu ya zulia, alikaa binti wa mwalimu, Kemigisha, msichana wa rika langu, pedi ya kuchezea gemu mkononi. Msichana! Askari alikimbia, akakata, akapanda. Alipofika darajani nikamwambia, kwa sauti ya mjuzi, "Apa njo mwisho."

Aligeuka akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba Uganda inaishia Rugaaga, kimji cha jirani na kambi yetu.

"Mwisho gani? Hii ni mwanzo tu. Wewe ngoja uone."

Askari akakanyaga ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavuka. Ng'ambo kulikuwa na mji wenye soko na minara, na baada ya mji bandari, na baada ya bandari nchi nyingine ya theluji. Kemigisha alinipa pedi nikacheza mimi mwenyewe, vibaya sana. Furaha niliyokuwa nayo haikuwa ya kucheza. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayowaambia wale wa kibandani.

Niliyasema Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, mchana, mara tu kanisa lilipotoka. Kibanda kilikuwa kimejaa. Bahati alikuwa kitini, picha imeganda tu, Sadiki yuko hewani na mikono yake. Nilisukuma pazia.

"Hamujamaliza kitu! Sidii imekufa! Mbarara batu banavuka ile daraja, hata mutoto mwanamuke anavuka. Huyu anawadanganya, na Mumalizaji wenu hajamaliza hata robo!"

"Sikio yake iko na ugonjwa," Sadiki alisema akicheka. "Anasikia nini, ule?"

Walicheka naye kidogo. Kisha mmoja akaitoa sidii, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, na kila mtu akauona mkwaruzo, mrefu kama kidole. Waliokuwa wametoa maharagwe ya mama zao walianza kupiga kelele. Sadiki alivuta soksi zake. Lakini yeye alikuwa mtu mzima, hawakumweza, kwa hiyo hasira yao ikamwendea Bahati. "Mufalme wa Daraja!" walimwimbia, wakimsukuma kichwa, na wimbo huo ulimfuata hadi shuleni, juu ya magoti yake yaliyokuwa nje ya dawati.

Mimi nilitembea nikirudi nyumbani kama niliyeshinda uchaguzi.

Kesho yake jioni mimi na Bahati tulikuwa shambani tukipalilia mahindi, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeanza mazungumzo.

"Nilikuwa najua," alisema. "Ule mukwaruzo niliuonaga zamani."

"Na ukanyamaza?"

Akapiga jembe mara mbili tatu. "Ng'ambo ya daraja kuko nini?"

Aliuliza taratibu, bila kunitazama. Ningeweza kumweleza mji, bandari, theluji. Badala yake nilisema, "Bakia na daraja yako," nikaenda mstari mwingine.

Sadiki alihamisha kibanda chake, soksi na sidii yake, na sikuwahi kuona pengo lake. Bahati aliacha shule mwaka huo. Alijifunza uashi, na sasa anajenga nyumba za watu Kamukuzi, hapa hapa Mbarara, nyumba nzuri. Miaka mingi baadaye nilimpelekea chakula kazini, na nikamweleza yote, mnara kwa mnara, kama mtu anayerudisha kitu alichoiba. Alisikiliza hadi mwisho, mwiko mkononi.

"Njo ile tu?" akauliza. Kisha akachota udongo, akaendelea na ukuta wake.

Sijui yeye alikuwa ameweka nini ng'ambo ile, jioni zote alizokaa mbele ya picha iliyoganda akiwa anajua. Sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa nimemwona mjinga kuliko wote mle ndani, kumbe ndiye peke yake aliyejua kwamba kuna mbele, na ndiye peke yake aliyetaka kuambiwa. Gemu ile ilikuwa takataka, hilo sibadilishi. Lakini mtoto aliyesukuma pazia Jumapili ile, akiwa amejawa na ukweli hadi kooni, naye simpendi.