Kitabu cha Treni cha Stesheni ya Makanya

Watu wa hapa Same wananijua kwa mambo mawili: nilifundisha hesabu miaka mingi na fimbo yangu haikuwa ya mapambo, na sasa nimestaafu, "anacheza treni." Neno hilo "anacheza" linanipandisha hasira mpaka leo. Hatukuwa tunacheza. Tulikuwa tunaendesha. Mtoto akichoka kucheza anaondoka zake. Sisi treni ikishatoka Hedaru, hakuna wa kwenda hata chooni mpaka ifike Same.

Reli yenyewe iko kwenye banda nililojenga kwa ajili ya kuku wa mayai. Kuku waliisha kwa kideri ndani ya wiki moja, nikabaki na banda refu lenye madirisha ya wavu na moyo uliochacha. Binti yangu anayefanya kazi ughaibuni akaniletea sanduku la reli ndogo za mtumba, injini mbili na mabehewa, akidhani nitawapa wajukuu. Thubutu! Nilimwita seremala akanitengenezea meza tatu ndefu. Milima ya Upare niliifinyanga mwenyewe kwa magazeti na uji wa muhogo, mashamba ya mkonge nikayapanda kwa nyuzi za ufagio. Nikaweka stesheni tatu, Hedaru, Makanya na Same, na reli moja tu kati yao, kama ile ya kweli inayopita huku chini. Treni mbili zikitaka kupishana lazima zipishane stesheni, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikaa Same, swichi ya umeme mkononi. Hedaru alikaa shemeji yangu, Muha wa Kigoma aliyekuja kufanya kazi kwenye mkonge huko tambarare, akaendesha kitreni cha shamba cha kubebea majani, halafu akaoa ndugu yangu wa ukoo wa kule Shighatini. Makanya, katikati, alikaa mzee jirani yangu, mkuu wa stesheni mstaafu, aliyeshika stesheni za kweli kwenye njia hiihii tangu kijana. Mimi na shemeji tuliipenda treni. Mzee aliitumikia.

Ndiye aliyetufundisha. Treni haiondoki mpaka uulize stesheni ya mbele. Unagonga kengele: "Makanya, njia iko wazi?" Wa Makanya anaangalia kwa macho yake, anajibu, "Njia iko wazi," kisha anaandika kwenye kitabu namba ya treni na saa, anatia sahihi. Ukikosea hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, unasaini pembeni. "Kosa lililoandikwa halimfukuzi mtu kazi," mzee alikuwa akituambia. "Linalomfukuza ni lililofutwa."

Kila Jumamosi saa tisa alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na kofia yake ya zamani. Namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwalimu, halafu akishakaa kwenye kiti hakuna tena mwalimu. Mimi nilikuwa Same, shemeji alikuwa Hedaru. Shemeji akileta utani wake, kwamba sisi Wapare tutauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku, mzee anamkata: "Hedaru, utani baada ya treni ya mwisho." Treni ya mwisho ikifika tunakula makande, na hapo ndipo anacheka mpaka machozi.

Ilianza mwaka jana, wakati wa vuli. Treni yangu ya mizigo ilikuwa imesimama Makanya, juu ya njia ileile, mbele ya macho yake. Shemeji akagonga kengele, akaomba njia. "Njia iko wazi," mzee akajibu, akaandika, akasaini. Nikaiona injini ya shemeji inakuja. Nikakata umeme, ikasimama upana wa kidole kutoka kwenye behewa la nyuma.

Mzee aliinama akaitazama ile treni ya mizigo. "Nani kaiweka hii hapa?"

Aliipokea mwenyewe dakika tatu nyuma, sahihi yake haijakauka. Nikasema, "Ni mimi, mzee. Nilisahau kukuambia." Shemeji aliniangalia.

Jumamosi iliyofuata alikosea mara mbili. Akapiga mistari yake miwili, akasaini. Tukaanza kumpunguzia treni, kutoka tisa mpaka tano, tukisingizia injini moja inaumwa. Ilifika mahali ukurasa mmoja una mistari mingi kuliko treni. Moyo uliniuma, na mimi moyo ukiuma huwa nakuwa mkali, basi nikawa namfokea shemeji kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Siku moja mke wa mzee akaja kwangu asubuhi, hata kukaa hakutaka. "Mwalimu," akasema, "nyumbani ananiuliza jina la kanisa letu. Lakini Jumamosi anaamka, anavaa mwenyewe, anajua saa. Nakuomba usimtoe kwenye kile kiti. Ila hicho kitabu anachorudi nacho kinaniulia mume. Anakaa na ile mistari Jumapili nzima, anaihesabu, hali chakula."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitaona la kufanya. Mungu anisamehe, nililiona.

Nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote. Mwandiko wa mtu naujua kama sauti yake, na kuuiga si kazi. Nilimwambia mzee aache kitabu kwangu nikitie gamba jipya. Nikatoa kurasa tatu chafu kwa wembe, nikakishona upya, nikaziandika treni zote zile kwa mkono wake: herufi zake zilizolala, sahihi yake yenye mkia mrefu. Mistari ya makosa sikuiandika hata mmoja. Kila treni ikawa imepokelewa vizuri, kila njia ikawa wazi kwa wakati wake. Nilipomaliza nilijiona nimefanya jambo la huruma kubwa. Shemeji nilipomwonyesha alikuna kichwa. "Shemeji," akasema, "huyu mzee ni mtu wa reli." Nikamwambia anyamaze.

Jumamosi mzee akafungua kitabu. Akarudi ukurasa nyuma. Akarudi mwingine. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hapa si mimi niliyeandika."

"Ni wewe, mzee," nikasema.

"Saba yangu siikati katikati. Sijawahi."

Mimi ndiye ninayeikata saba katikati, tangu chuo cha ualimu, ili wanafunzi wasiichanganye na moja. Niliiga kila kitu nikasahau mkono wangu mwenyewe. Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa kusema ni "Nisamehe mzee, ni mimi," naye angenigombeza mbele ya shemeji, angenipa onyo rasmi, na tungekula makande. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake. Badala ya kushuka nikaamua kuisukuma mbele.

"Basi siku hiyo uliikata," nikamwambia, kwa ile sauti ya darasani. "Mzee, sahihi si yako hii? Nani mwingine anakaa Makanya?"

Aliangalia sahihi. Akaangalia mkono wake wa kulia, akaufumba na kuufumbua. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa chake kule Hedaru kama mtu anayesali. Mzee akaniangalia mimi muda mrefu, akinitafuta usoni, na mimi sikupepesa.

"Mwalimu akisema ni mwandiko wangu," akasema taratibu, "basi ni wangu. Sikumbuki."

Tuliendesha treni zote tano. Hakukosea hata moja. Nataka hilo lieleweke: siku ile hakukosea hata moja. Treni ya mwisho ilipoingia alisimama, akaandika kwenye kitabu kwamba anakabidhi stesheni ya Makanya kwa sababu za afya, akasaini, akaleta kitabu mezani kwangu akaniomba nisaini kupokea. "Anayeshika stesheni lazima aweze kujiamini mwenyewe anapoona kitu," akasema. "Mimi leo nimeona kitu ambacho hakipo." Nikasaini. Jamani, nilisaini! Makande hakula. Shemeji alimsindikiza mpaka kwake, na aliporudi hakuingia ndani, alinifokea kutoka mlangoni kwa Kiha, na sikuhitaji mkalimani.

Jumamosi iliyofuata mzee hakuamka. Namaanisha aliamka, lakini alikaa kitandani akisubiri avalishwe. Mke wake alimwambia ni siku ya treni. Akajibu kwamba stesheni imeshakabidhiwa. Baada ya hapo siku zikawa sawa zote kwake, na kila kitu alichokiona alikuwa akimuuliza mkewe kwanza kama kipo: mbuzi aliyefungwa uani, mgeni aliyekaa kwenye kiti, chai kwenye kikombe.

Nilikaa na jambo hili wiki nne. Mtu ambaye hajawahi kushindwa kugombana na afisa elimu alishindwa kutembea hatua hamsini kwenda kwa jirani. Wiki ya tano nilikwenda. Nilimkuta barazani, ana blanketi miguuni ingawa Same ilikuwa inawaka jua. Nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, "karibu mwalimu," na nikashukuru kwamba ananijua. Sikuzunguka. Nilimwambia nilichana kurasa zake, nikaandika zangu, na aliponiuliza nilimdanganya. Nikamwambia siku ile macho yake yaliona sawasawa, na kichwa chake kilikuwa sawasawa, na mimi ndiye niliyemvuruga. Nikalia, mimi ambaye silii, na kamasi zikanitoka kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ametulia, akili imemkaa sawa kabisa, hata mke wake alisimama mlangoni akatazama. Nikaona ameelewa. Nikawa tayari anigombeze, nilikuwa nautamani ugomvi ule kuliko kitu chochote.

Akaninyooshea mkono, akanishika vidole, akanipigapiga polepole kama anavyofanyiwa mfiwa.

"Una huruma sana, mwalimu," akasema. "Lakini usijisingizie makosa kwa ajili yangu. Sahihi niliiona ni yangu." Kisha akamgeukia mkewe akamwambia aniletee chai, maana nimetoka mbali, na akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli nimekaa pale.