Mtani Aliyerithi Baiskeli Yangu

Siku mtani wangu alipokuja kunipimia kaburi, nilikuwa nimelazwa hospitali ya Ndanda na mpira wa oksijeni puani. Alikuwa ametoka Newala alfajiri na chupa ya uji. Hakunisalimu. Alivua kanga yake ya mabegani, akainyoosha juu yangu kuanzia utosini, ikaishia kwenye miundi.

"Mrefu huyu," akamwambia muuguzi. "Atatutoa jasho sisi wachimbaji."

Muuguzi alikuwa mgeni wa huku, akataka kumtoa nje. Mama wa kitanda cha pili, mtu wa Nanganga, akamtuliza. "Mwache, dada. Huyo mtani wake." Mimi nilikuwa nacheka, na kucheka kuliniuma pale walipopitisha sindano ya kuvuta maji ya pafu, nikamlaani kwa moyo wangu wote.

Yeye ni Mngoni, ndoa ilimleta kutoka Songea. Mimi ni Mmakonde wa Newala hapa hapa. Babu zake waliwasumbua babu zangu zamani, na sisi wajukuu tukabakiwa na haki ya kutukanana mpaka kufa. Hata baada ya kufa, maana mume wangu alipofariki huyu mwanamke alikuja msibani amevaa koti la marehemu, akaniuliza chakula chake cha mchana kiko wapi. Nilicheka, na katika msiba ule nilikula siku hiyo tu. Tumekaa jirani miaka ishirini na sita na sijawahi kusikia neno la maana likitoka kinywani mwake.

Ilikuwa nimonia, tena ile ya kujaza maji. Nikivuta pumzi, kifua kinapiga mluzi. Kila alipokuja wodini mtani alilaza sikio kifuani kwangu, akasikiliza, kisha akatangaza kwa wodi nzima, "Maji yamechemka. Nani ana majani ya chai?" Wagonjwa walimzoea wakawa wanamuulizia.

Nilipotoka nikakaa miezi miwili Masasi kwa binti yangu. Nilikuwa nikitoka kitandani kwenda chooni napumzika njiani, kama mtu anayepanda mlima. Mwanangu wa kiume, anayeishi Dar, akapiga simu. "Mama, baiskeli sasa basi. Utakuwa unapanda bodaboda. Umri huo." Umri huo! Nina miaka hamsini na minne. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shule yangu iko mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, mikorosho kushoto na kulia. Nimeiendesha njia ile tangu yeye hajaota meno, mengine akayaotea hapo hapo kwenye keria. Nilimkatia simu. Halafu nikakaa na simu mkononi nikiogopa, kwa sababu nilikuwa sijaweza hata kupiga pampu jiko la mafuta la binti yangu bila kuhema, na nilijua kwamba huenda kweli ndiyo basi.

Nilirudi Newala mwezi wa nane, mikorosho imechanua na hewa yote inanukia. Sikuvua hata viatu, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha uani. Baiskeli haipo. Niliikuta kwa mtani, sebuleni kwake, imeegeshwa kati ya viti kama mgeni wa heshima, siti imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Nimerithi," akasema. Alikuwa uani na majirani wawili wanamenya mihogo, wala hakuinua kichwa. "Ulichelewa kufa, nikaona nisisubiri."

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Kitu alichochukua mtani hakidaiwi. Unakikomboa kwa maneno, kwa kumtukana vizuri kuliko alivyokutukana yeye, na unacheka. Mtoto wa darasa la kwanza huku anajua. Lakini mimi nilikuwa nimechoka na safari, nimeogopa miezi minne, na nikamsemesha kwa sauti ile ninayowasemesha darasa la sita. Nikamwambia ana tabia ya kupenda vya watu. Nikamwambia anirudishie mali yangu sasa hivi.

Visu vikasimama. Majirani wakatazamana. Kumkasirikia mtani ni aibu ambayo kwetu inaweza kukufuata hadi kwa wajukuu.

"Amenuna," mtani akasema taratibu, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani. "Mmeona wenyewe, amenuna. Basi kuna faini. Utanipakia kwenye keria, kutoka mlangoni hapa mpaka geti la shule yako. Ukigusa chini kwa mguu, ni yangu moja kwa moja."

Nikamtazama alivyo. Mtani wangu si mwanamke wa kukaa kwenye kiti kimoja akaacha nafasi.

"Na mazoezi?" nikauliza.

"Mchana ruksa. Jioni inarudi kulala kwangu."

Jioni ile binti yangu alinipigia, nikamsimulia nikiwa bado nachemka. Akacheka. Kumbe nilipokuwa wodini kaka yake alishampata mnunuzi, na mnunuzi alishafika uani kwangu kuichukua. Mtani akatoka kwake, akakaa juu ya keria, akasema anunuliwe pamoja nayo. Alikaa pale akichambua mchele mpaka yule bwana akachoka akaondoka. Halafu akaisukuma kwake akiwatangazia mtaa mzima kwamba amerithi, na hakuna mtu wa Newala angebishana na mtani juu ya urithi. Nilijisikia mdogo kuliko punje ya ule mchele. Mtani sikumwambia kwamba najua, na yeye hakuniambia.

Asubuhi ya kwanza ya mazoezi niliisukuma mpaka nyuma ya uwanja wa mpira, pasipo na mtu. Nikapanda. Gurudumu la mbele likaenda lilikotaka, nikaenda nalo, nikaingia kwenye tuta la mihogo la mtu. Nikapanda tena. Mara ya tatu pedeli zikashika, upepo ukaingia kwenye gauni, na ule mteremko mdogo wa pale uwanjani ukanichukua. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Nilipiga kengele bila sababu. Nilipiga kengele kwa mbuzi, kwa mkorosho, kwa jua. Nilipofika chini nilikuwa nahema mpaka naona nyota, nikalala chali kwenye nyasi nikiwa bado nacheka, na mama mmoja aliyepita na ndoo kichwani akaniuliza kama nimekunywa gongo asubuhi yote hii. Nikamwambia ndiyo.

Nilikuwa bado likizo ya ugonjwa, na wiki tatu niliendesha kila siku. Jumamosi ya nne nikasimama mlangoni kwa mtani, tairi zimejazwa, mnyororo umepakwa mafuta. Alitoka amevaa kama anakwenda harusini. Akakaa upande kwenye keria, chuma kikalia, na mimi nikasema moyoni, mama yangu, leo ndiyo leo.

Tambarare haikuwa na neno. Wenye bodaboda walitufuata taratibu wakitushangilia, mmoja akauliza kama ninabeba na simenti. Taabu ilianzia kwenye kile kilima cha kabla ya shule. Si kirefu. Ila ilikuwa siku ya soko na nusu ya watu wa barabara ile nimewafundisha mimi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Shikamoo, mwalimu. Tumefurahi umepona."

"Mara... haba."

Nani amewahi kufikiria uzito wa marahaba? Kila moja ilinila pumzi ya pedeli mbili, na kutoitikia nisingeweza. Ningeonekana ugonjwa umenipa kiburi. Mapaja yaliwaka. Usukani ulianza kucheza. Nyuma yangu mtani akaona hali, akachukua kazi. "Marahaba," akawa anaitikia kulia na kushoto, kwa sauti yangu ya darasani kabisa. "Marahaba, mwanangu. Umeoga? Marahaba." Watu waliangua kicheko barabara nzima na mimi nikacheka nao, jambo ambalo lilikuwa upumbavu mtupu, kwa sababu tuliyumba mpaka ukingoni na mguu wangu wa kulia ukashuka, ukabakiza kama upana wa kidole kugusa mchanga. Nikaurudisha. Sijui niliurudisha kwa nguvu ya nani.

Katikati ya kilima akanyamaza. Hakuitikia tena, hakutukana. Nilidhani ameogopa kuanguka. Nikasukuma, nikasukuma, geti likawa pale, rangi yake ya bluu imebabuka kama nilivyoiacha, nikalipita kabisa nikasimama ndani ya uwanja wa shule na kushusha miguu yote miwili.

"Yangu," nikasema. Ndilo neno pekee lililonitoka.

Hakushuka. Hapo ndipo nilipohisi joto mgongoni, katikati ya mabega, na kuelewa kwamba limekuwepo tangu kwenye kilima. Alikuwa amelaza sikio.

"Nyamaza," akasema. "Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Tena. Kwa nguvu."

Nikavuta tena, mpaka mwisho. Uwanja ulikuwa mtupu, madarasa yamefungwa. Alisikiliza muda mrefu kuliko alivyowahi kusikiliza wodini, na mkono wake ulikuwa umeshika gauni langu kiunoni kama mtoto anayevushwa barabara.

"Hakuna kitu," akasema. Sauti yake haikuwa yake. "Kimya kabisa."

Akashuka. Akageukia upande wa madarasa, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akajifunga upya, na alipogeuka alikuwa amenuna.

"Basi," akasema, "nimekosa urithi."