Mganga Aliyezaliwa Kwenye Mkeka wa Mpunga

Mpunga mpya ukianikwa juani hutoa harufu ya vumbi tamu na majani makavu, na mimi mpaka leo nikiisikia huangalia kwanza kama kuku wako karibu. Nilikuwa na miaka tisa, likizo kubwa ya kiangazi, nyumbani kwa bibi yetu mjini Kasongo, nimepewa kazi ya kulinda mpunga wake ulioanikwa kwenye mkeka mbele ya baraza. Tulikuwa watatu: mimi, kaka yangu Ramazani, na Saidi, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuja kutoka Kindu na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Mmoja anasimulia safari ya hatari, wengine wanajifanya watu wa safari hiyo, na dadu ndiyo inayoamua nani amekata na nani amekatwa. Saidi alikiokoa mikononi mwa mama muuza maandazi, ambaye alikuwa ameshafungia maandazi kurasa zote za mwisho.

Kurasa zilizobaki zilikuwa na mpiganaji, mchawi na mwizi. Wa kuponya hakuwepo. Msimulizi alikuwa Saidi. Joka la kitabuni tuliligeuza mamba wa mto Lualaba, maana joka hakuna aliyewahi kuliona, na mamba yule alikuwa na hasira za ajabu. Uhai wa mchezaji ulikuwa punje ishirini za mpunga mbele ya magoti yake; akijeruhiwa, zinapunguzwa. Saa nne asubuhi Ramazani, mpiganaji wetu hodari, alikuwa ameshakufa mara mbili, na mpunga wa bibi hata haujaanza kukauka. Mimi sikuwa na punje hata moja. Walisema bado mdogo, kazi yangu ni kufukuza kuku. Iliniuma. Nilitaka nafasi kwenye mkeka ule kuliko nilivyotaka nguo ya Idi.

Bibi yetu alikuwa mtu wa dawa za majani, na siku ya tatu alifika mchimba dhahabu kutoka Salamabila, mguu umevimba kama boga. Hata kwenye pikipiki hajashuka, alipiga kelele: "Mama, leta dawa, nakufa!" Bibi aliendelea kupepeta mchele.

"Unakufa bila kusalimia?" alimwuliza. "Rudia kule njiani, uingie kama mutu."

Bwana yule alirudi njiani akichechemea, akaingia upya na salamu kamili. Akaulizwa habari za mke, za watoto, za shamba, za mama mkwe, na jasho linamtiririka. Ndipo majani yakatoka. Saidi alitazama yote hayo, kisha akamtazama Ramazani, marehemu wa kila asubuhi. "Kwa muchezo yetu kunakosa mama muzee kama huyu," alisema. Kaka yangu hakutaka kabisa kuwa mtu asiye na panga, kwa hiyo nilinyoosha mkono kabla hawajabadili mawazo. Niliweka sharti moja tu, lile la bibi: asiyesalimia haponywi.

Kesho yake mamba alimwacha Ramazani na punje tatu. Kaka aliniamuru nimponye. Nilipepeta hewa kama bibi.

"Mimi nisalimie mutoto?" alifoka. "Hapana! Yeye ndiye anisalimie. Na kama hataki, atoke kwa mukeka."

Nilijua Saidi akimkubalia, nimerudi kwa kuku. Saidi alifungua kitabu, akajifanya anasoma ukurasa ambao sote tulijua uko tumboni mwa mteja wa maandazi.

"Hapa haiko mutoto," alisema. "Iko mama muzee wa dawa. Salimia."

Ramazani alikunja mikono. Wakati amekunja, jogoo wa jirani akatokea ubavuni mwake na kudonoa punje moja. Akadonoa ya pili.

"Yaya, kuku inakula uzima yako!" nilimpigia kelele kaka yangu mkubwa. Sikusogea kumfukuza, kwa sababu kazi hiyo haikuwa yangu tena.

"Salamalekum, mama muzee!" Ramazani alisema mbio mbio, amefunika punje ya mwisho kwa viganja vyote viwili. "Nyumbani wazima? Watoto wazima?" Niliitikia polepole, nikamwuliza hata habari za mama mkwe, kisha nikammiminia mpunga konzi nzima. Mlangoni bibi alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

Juzi nimesoma kwenye simu kwamba huko ng'ambo mponyaji wa michezo hiyo alianza kama kuhani, aliyeletwa kumkomesha mchezaji mmoja aliyejigeuza mnyonya damu na kuwashinda wenzake. Wao walianzia kwa mnyonya damu, sisi kwa mkaidi. Sasa mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya Wamaza, na dawa ninazo bora kuliko majani ya bibi, lakini foleni ni ndefu, na nimezoea kuuliza "Unaumwa wapi?" bila kuinua macho. Mwezi uliopita niliuliza hivyo hivyo, na mgonjwa hakujibu. Nikarudia kwa ukali. Ndipo nikasikia sauti inayotetemeka kwa malaria: "Salamalekum, mama muzee."

Alikuwa Ramazani, ameletwa na pikipiki, ana mvi kidevuni. Niliona haya mbele ya foleni nzima. Niliweka kalamu chini, nikamwitikia, nikamwulizia mke wake, nikawaulizia watoto wake wote saba kwa majina, na tulipofika kwa mama mkwe ndipo nikachukua sindano.