Zimwi Tulilolibadilisha Maruku

Majani makavu ya mgomba yakilowa mvua hunuka kama ghala la kahawa lililofungwa miaka mia, na harufu hiyo mpaka leo hunirudisha Maruku, nyuma ya nyumba yetu, tulikochezea zimwi. Aliyekuwa zimwi alijifunga majani hayo kichwani na kiunoni, akanguruma, akatukimbiza kibanjani, katikati ya migomba yetu. Ukiguswa, zamu yako. Dada zangu waliniachia zimwi la vichwa saba; mimi, ambaye sijawahi kusimulia jambo kwa kipimo chake, nikaongeza cha nane. Vita vilipokuja, zimwi likavua majani, likawa nduli, yule adui wa ng'ambo ya mpaka: akarusha ndizi mbichi kama mabomu, nasi tukajificha kwenye handaki la kweli alilochimba baba. Vita vikaisha, handaki likawa shimo la taka, nduli naye akatuchosha.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Juliana ilipoingia. Ndivyo wakubwa walivyouita ugonjwa ule kabla haujaitwa ukimwi, kwa jina la mashati ya magendo yaliyovuka mpaka. Jirani yetu Mama Koku, aliyeshona magauni ya nusu ya Kagera, alianza kukonda, na Koku mwanawe alikuwa rafiki yangu wa mkeka mmoja. Likizo ile nikatunga zimwi jipya. Halikuvaa majani wala halikunguruma. Lilitembea polepole, likakohoa. "Koku awe Juliana," nikasema, "yeye anajua." Kisha nikaongeza sheria: Juliana habadilishi zamu. Akikugusa umekufa, unatoka mchezoni, yeye anabaki Juliana. Wenzangu wakanisifu kwa akili. Wiki mbili Koku alizunguka peke yake kwenye migomba, mikono ameinyoosha, akiuliza, "Zamu yangu inaisha lini?" Nami nikimjibu, "Mbona una haraka, bibi?"

Siku moja Mama Koku akatoka nje akishikilia ukuta. Nadhani alikuwa akitusikia siku zote. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema kwa sauti ndogo, "Wanangu, hiyo zamu nipeni mimi. Koku naye akimbie na ninyi kidogo." Akanyoosha mkono, akitabasamu, kimchezo kabisa. Tukatawanyika. Mimi nilikimbia kuliko wote. Mngeniacha ningefika Kampala. Nilipogeuka, Koku alikuwa ameushika ule mkono, wote wawili wakitutazama. Mama Koku alizikwa kabla shule hazijafunguliwa. Sikwenda kumpa Koku pole. Nilisema tumbo linaniuma.

Siku hizi mwanangu anapigana na mazimwi kwenye simu. Juzi alilalamika kwamba zimwi lake limebadilishwa: zamani lilikuwa linapigika, sasa haliguswi. Nikamwuliza nani kalibadilisha. "Si hao waliotunga mchezo, mama," akasema, nikaenda jikoni. Nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, naongea mpaka redio inaona haya, lakini neno la kumwomba Koku radhi sijalipata. Anauza samaki sokoni Muleba. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya meza yake, mkoba nimeukumbatia, nikichagua sato kwa macho tu.

"Sogea, dada," akasema, "sikugusi."

Wenye meza za jirani wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilikuwa bado nimesimama palepale.